Fimbo Ambayo Haikusomwa

Delyth alijua tangu Juni kwamba macho ya Gwilym yamekwisha, akanyamaza. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yalizaliwa na ukimya huo.

Gwilym Prosser, mzee wa miaka sabini na miwili, ndiye dereva aliyemfundisha kazi. Miaka saba, kila Jumamosi, walikuwa pamoja kwenye injini ya mvuke, yeye akichochea moto, mzee akiendesha, na asubuhi wakikaanga mayai juu ya koleo la makaa. Hakuna aliyelipwa kwenye reli ile. Walikuwa wastaafu na wapenda moshi waliofufua njia iliyokufa ili wageni wapande milimani na kutazama injini za zamani. Lakini mwite Gwilym mtu wa mchezo, uone atakavyokusuta. Kwa hiyo alipomwomba, "Del, nivumilie mpaka Septemba, niache mwenyewe kwa heshima," Delyth akawa macho yake. Alimtajia bendera, alimtajia kondoo walioingia relini. Akajidanganya kwamba huo ni wema.

Njia ilikuwa moja, treni zinapanda na kushuka humo humo, na kilichozizuia kugongana ni fimbo mbili za shaba. Ya kijani ilikuwa ya kipande cha chini, Pont-las mpaka stesheni ya katikati, Nant Ddu. Nyekundu ilikuwa ya kipande cha juu, Nant Ddu mpaka Bwlch Coch. Majina yalichongwa juu yake. Bila fimbo ya kipande hicho huingii, hata kama umempakia mfalme. Na ukipewa, dereva anaisoma kwa sauti, kisha mchochea moto naye anaisoma kwa macho yake.

Mchana huo Nant Ddu palikuwa na vurugu. Gwilym alishatoa fimbo ya kijani waliyopanda nayo kutoka Pont-las, ikawekwa mezani ofisini. Kabla mkuu wa stesheni, Islwyn, hajaifungia kabatini, bibi mmoja akazirai nje, naye akakimbia kumpepea kwa kofia. Huw, mkata tiketi aliyekuwa na wiki tatu tu pale, akaona saa imepita, akaona fimbo mezani, akaibeba mbio mpaka kwenye injini.

"Haya mzee, twendeni. Wageni wananung'unika."

"Mgeni asiponung'unika ujue kafa," Gwilym akamjibu. Akaipapasa shaba kwa kidole gumba. "Nant Ddu mpaka Bwlch Coch," akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani, akaitundika. "Del, umeona?"

"Naona, naona," akasema Delyth, naye kainamia tanuru, koleo mkononi.

Filimbi ikalia, wakaondoka. Walikuwa wameshaiacha stesheni nyuma alipojinyoosha kufuta jasho, na hapo akaona rangi ya kijani.

Akasoma majina: Pont-las mpaka Nant Ddu.

"Simamisha, mzee."

"Kuna nini tena?"

"Fimbo siyo. Hii ndiyo tuliyokuja nayo."

"Nimeisoma mwenyewe."

"Isome tena."

Gwilym akaitungua, akaisogeza karibu mpaka ikamgusa pua. "Nant Ddu," akasema polepole, "mpaka Bwlch Coch." Wala hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema alichozoea kusema miaka yote, kama mtu anavyosali Baba Yetu huku akiwaza mengine.

"Sasa nyekundu anayo nani?" Delyth akauliza. "Leo kuna treni juu?"

Mzee akaishusha fimbo. "Asubuhi nilitia sahihi tangazo la safari za leo," akasema. "Sikulisoma."

Delyth hakungoja zaidi. Akaukamata mkono wa breki, ambao mchochea moto haugusi dereva akiwapo, akauvuta wote. Magurudumu yakapiga kelele. Kabla treni haijatulia alikuwa ameruka chini na bendera nyekundu, anapanda kilima mbio, mapafu yakiwaka, na kule juu nyuma ya kona akasikia filimbi ya injini. Alikimbia akipunga bendera kwa mikono yote miwili na kuita watu ambao wasingeweza kumsikia. Injini ikatokeza konani, moshi mweusi, breki zikilia. Ikaja, ikaja, ikasimama hatua kumi kutoka alipokuwa. Akakaa juu ya kokoto.

Ilikuwa treni maalumu ya wanachama wa makumbusho ya reli, ile ya kwenye tangazo. Dereva wake, Tudur, alishuka. Gwilym naye alikuwa anapanda kutoka chini, akitafuta kila taruma la reli kwa ncha ya kiatu.

"Nani kawaruhusu?" Tudur akauliza.

"Huw katuletea fimbo siyo," akasema Gwilym.

"Huw ni mgeni, hajui hili wala lile. Nani kaisoma?"

"Mimi. Jua lilinipiga machoni, Tudur. Del alikuwepo, muulize."

Wote wawili wakamgeukia. Neno moja lingetosha. Huw angefukuzwa, mzee angemaliza msimu, na yeye angebaki na koleo lake. Delyth akasimama.

"Hakuna cha jua. Haoni. Nimejua tangu Juni nikamfichia, na leo mimi mwenye macho nimesema naona bila kutazama. Andika hivyo, na jina langu lianze."

Tudur alimtazama, akarudi kwenye injini yake kupiga simu.

"Uliahidi Septemba," Gwilym akanong'ona.

"Niliahidi, mzee. Nilikosea."

Mzee akauelekeza uso kwenye mwangwi wa mvuke uliotoka msituni. "Hiyo ya Tudur ina mabehewa mangapi?"

"Manne."

"Yana watu?"

"Yamejaa. Wametoa vichwa madirishani. Kuna bibi anakupungia mkono."

Gwilym akavua kofia, akainua mkono, akaupungia msitu.