Mbuzi Watatu, Volti Tatu na Nusu

Kiapo kiliapwa na mababu wawili kwa sababu ya ng'ombe mmoja ambaye hadi leo rangi yake inabishaniwa. Kilisema kwamba mguu wa ukoo wa upande huu hautakanyaga ardhi ya upande ule, wala mguu wa ule hautakanyaga huku. Wakati huo kati yao palikuwa na bonde tu, pande za Kola, Ukambani. Baadaye bonde lilizibwa likawa bwawa, na maji yakaja kuthibitisha yale ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyasema. Mchungaji mmoja alipowahubiria kwamba kiapo cha namna hiyo hakina nguvu mbele ya Mungu, pande zote mbili ziliitikia amina kwa moyo mmoja, kisha kila mtu akarudi kwake kwa njia ya upande wake.

Levi alizaliwa magharibi ya bwawa hilo, na Carol mashariki. Walijuana mjini Machakos, mahali ambapo kiapo hakikufika kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuutaja mji. Levi alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, mtu wa kupima kamba mara tatu kabla ya kuikata. Carol alikuwa mfamasia. Walikuwa wamepatana juu ya kila jambo isipokuwa moja, ambalo halikuwa mikononi mwao. Mama yake Carol alikufa bila kutolewa ntheo, wale mbuzi watatu ambao kwa Wakamba ndio mlango wa ndoa, na siku ya mazishi wazee walisimama kando ya jeneza saa nne nzima wakijadili kama marehemu alikuwa mke wa mtu au mgeni aliyekaa sana. Tangu siku hiyo Carol alikuwa na sharti lisilopinda: hataingia nyumba ya mwanamume yeyote kabla ntheo haijaliwa na pande zote mbili.

Kuwafikisha mbuzi hakukuwa kazi. Shire, mfanyabiashara wa mifugo kutoka mjini, aliwazungusha kwa barabara hadi kwa Mzee Wathome, baba yake Carol, kwa kuwa miguu ya Shire haikuwa na ugomvi na mtu. Taabu ilikuwa kurudisha nyama. Fungu la upande wa mwanamume lilipaswa kuliwa upande wa mwanamume, siku ileile, na nyama iliyopita mkononi mwa mtu wa nje, walisema wazee, si ntheo tena bali ni nyama ya bucha. Mzee Wathome alikuwa ameongeza neno lake kwamba mbuzi hawachinjwi mara mbili kwa shauri moja. Ama leo, ama basi.

Ndipo ikakumbukwa mashua ya Levi. Ilikuwa mashua ndogo ya rimoti, ndefu kama mkono wa mtu mzima, aliyoiunda mwenyewe ili kupima kina cha tope mabwawani. Mjomba wake, Erastus, aliyekuwa msemaji wa ukoo katika mambo ya posa, aliizunguka mara mbili akiwa amefumbata mikono nyuma, akatoa uamuzi: mashua haina mguu, kwa hiyo haivunji kiapo, tena imeundwa na mkono wa mtoto wetu, kwa hiyo ni mkono wetu.

Jumamosi ile asubuhi, maji yakiwa yametulia, Levi aliituma kwanza na barua ya salamu na pakiti ya majani ya chai. Ilivuka vizuri. Watu wa ng'ambo waliipokea, wakasoma barua, wakanong'onezana. Kisha wakafanya lile ambalo Levi, pamoja na kupima kwake kote, hakulipima. Waliijaza. Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, na waliona haya kurudisha chombo cha wakwe kikiwa na hewa. Waliweka kilo mbili za mbaazi, maparachichi manne, na chupa ya asali iliyofungwa kwa kitambaa. Mashua ilianza safari ya kurudi ikiwa imezama hadi kingoni, ikahema, na hatua thelathini kabla ya ufuo ikasimama kimya.

"Imekufa," akasema Erastus.

"Haijakufa, mjomba. Imejizima yenyewe."

"Kwani imekasirika?"

Levi alieleza, huku upepo mwepesi ukiisogeza mashua polepole kuelekea kwao. Betri ya lithiamu si kama taa ya mafuta ambayo waweza kuiacha imalize tone la mwisho. Hii ilikuwa na seli tatu, na kila seli ikijaa huwa na volti nne nukta mbili. Ikishuka chini ya tatu huumia ndani, mahali pasipoonekana. Huvimba, na ukija kuichaji tena yaweza kukuwakia moto mezani. Ndiyo sababu kifaa kinachoendesha mota hupewa kikomo: volti ikifika hapo, mota inakatwa. Na kwa kuwa mashua, tofauti na gari, haiwezi kuachwa ilipozimika, kikomo huwekwa juu kidogo ili akiba ibaki. Yeye alikuwa ameweka tatu nukta tano.

Erastus alisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza mtu aliyekwisha kuamua. "Hiyo tatu nukta tano," akauliza, "mlikubaliana na nani?"

"Na nani tena? Niliiweka mwenyewe."

"Ulitaja namba peke yako, mara ya kwanza, na ikawa hiyo hiyo?" Aliwageukia wazee wenzake kwa huzuni. "Ndiyo maana imetuaibisha mbele ya watu."

Ilibidi betri ichajiwe upya kwa umeme wa pikapu, kazi ya saa moja na zaidi, na saa moja mikononi mwa watu waliokuja kufanya posa ni muda mrefu mno. Erastus aliitoa simu yake, akaweka sauti ya nje, akampigia Mbula, shangazi yake Carol, ambaye alikuwa msemaji wa ng'ambo na ambaye hajawahi, kwa kumbukumbu ya mtu yeyote, kukubali jambo aliloambiwa mara ya kwanza.

"Mama Mbula, mko wazima huko?"

"Tuko wazima. Tumeona mtoto wenu wa plastiki amechoka njiani."

"Ndiyo tunaongea hapa. Huyu kijana ameweka tatu nukta tano kwa kila seli. Sisi kama wazee tunaona iko juu. Tunasema mbili."

"Mjomba, mbili ni moto," akasema Levi.

"Nyamaza. Hatuanzii tunapoishia."

Watu wa magharibi waliweza kuwaona wa mashariki wakikusanyika kama kuku waliomwagiwa mtama, kisha sauti ya Mbula ikarudi, tulivu na yenye jeraha.

"Erastus. Msichana wetu ako na digrii mbili. Nyinyi mnatuletea mbili?"

"Si ya msichana, ni ya betri."

"Betri inabeba nyama ya nani?"

Erastus aliihamisha simu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Sisi tunataka tatu nukta tisa," akaendelea Mbula. "Na hiyo ni kwa sababu tunawapenda."

Levi aliomba simu. Akaeleza, kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake na kwa vipimo vyote alivyofunzwa chuoni, kwamba kikomo cha tatu nukta tisa ni sawa na kumwachisha mtu kula kabla hajanawa. Kwamba mashua ikiwa na mzigo volti huinama kwa muda, na kwa kikomo hicho ingesimama kabla haijaondoka ufuoni. Kwamba mbili ingeiua betri, nayo ilikuwa moja tu. Wote walimsikiliza, pande zote mbili, kwa ule upole ambao wazee humpa bwana harusi anapozungumza mahali ambapo hapaswi kuzungumza. Alipomaliza, Mbula akasema, "Anaongea vizuri. Nukta nane."

"Mbili nukta saba," akasema Erastus.

Waliendelea. Levi alikaa kwenye jiwe karibu na chaja akitazama namba zake halisi zikipanda polepole katika kioo kidogo, na namba za wazee zikipanda na kushuka angani juu yake. Mzee mmoja wa upande wake alipendekeza waongeze blanketi badala ya volti. Ng'ambo waliomba dakika kumi za kushauriana, wakazitumia kunywa uji. Erastus aliondoka kwa hasira mara mbili, kila mara akienda hadi kwenye mti uleule wa mgunga na kurudi. Kuna wakati pande zote mbili zilikwama, moja ikiwa na tatu nukta mbili na nyingine tatu nukta saba, na mtu akasikika akisema kwamba hivi ndivyo hata suala la ng'ombe lilivyoanza. Ujumbe uliingia katika simu ya Levi kutoka kwa Carol, ambaye kwa desturi alikuwa amefungiwa jikoni: *Usiwakumbushe ilikuwa ngapi mwanzo. Waache.*

Akawaacha. Kulipokaribia saa saba mchana, Erastus alimjia akiwa ametokwa jasho, amechoka, na mwenye fahari ya mtu aliyerudi kutoka vitani.

"Tumewashusha," akasema. "Weka tatu nukta tano."

Levi alimtazama. Hapakuwa na dalili yoyote usoni mwa mjomba kwamba aliikumbuka namba hiyo. Alichomeka kadi ya kupangia kikomo kwenye kifaa cha mota, akabonyeza hapa na pale bila kubadilisha kitu, huku wazee wanne wakiwa wameinama juu yake kushuhudia, na mmoja wao akiisoma namba kwa sauti ili isikike kwenye simu. Ng'ambo palipigwa vigelegele.

Mashua iliondoka na kilo moja ya sukari. Hata yeye Levi asingethubutu kuituma tupu.

Huko mashariki waliishusha sukari, wakaweka nyama. Levi alikuwa ameomba kipande kisichozidi kiganja. Waliweka mguu wa nyuma mzima, wa kuchomwa, umefungwa kwenye majani ya mgomba, ncha yake ikitokeza nyuma kama mtu aliyelala kitanda kifupi. Upepo wa mchana ulikuwa umekwisha kuamka, nao ulivuma moja kwa moja kutoka magharibi. Mashua ilifika katikati kabisa ya bwawa, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Levi alijikunja akisubiri lawama. Hazikuja. Erastus aliketi chini, akanyoosha miguu.

"Ni tatu nukta tano hiyo," akawaeleza wenzake. "Imefika tulipopatana."

"Nesa," wakaitikia. Ni sawa. Simu ilileta sauti ya Mbula akiwaeleza watu wake jambo lilelile, tena akimkaripia mtu aliyediriki kulalamika, akimkumbusha kwamba naye alikuwapo likipitishwa. Levi aliwaza kwamba alikuwa amefundisha somo hilo miaka kumi na minane, kwa michoro na kwa mifano, na kwamba hakuna darasa lililowahi kuheshimu kikomo kama watu hawa waliokipigania bila kukijua. Betri ikipumzika, aliwaambia, volti huinuka kidogo. Itasogea, itapumzika, itasogea. Wakasema hata wao husafiri hivyo siku hizi.

Aliyekuwa hajashirikishwa katika mapatano ni mwewe. Alizunguka mara moja juu ya maji, akazunguka mara ya pili chini zaidi, kisha akatua juu ya mguu wa mbuzi kama abiria aliyelipa nauli, akaanza kula.

Hapo utulivu uliisha. Magharibi walipiga sufuria, mashariki walipiga mabati, na watu ambao babu zao hawakusalimiana walijikuta wakipiga kelele moja. Mwewe aliinua kichwa, akawatazama hawa, akawatazama wale, akarudi kwenye chakula chake. Levi aligusa rimoti kwa ncha ya kidole. Mashua ilisogea hatua mbili, ikakatika. Alihesabu hadi sitini. Nusu volti chini ya kikomo ilikuwa imelala akiba, ambayo angeitamani sasa kuliko kitu chochote duniani, na kwa rimoti hakuwa na namna ya kuifikia. Alimwona Carol ng'ambo, ametoka jikoni bila ruhusa ya mtu, amesimama ukingoni na mwiko mkononi. Akahesabu tena. Hatua tatu. Akahesabu tena.

Ilimchukua karibu saa nzima. Mwewe aliruka alipotosheka, akielekea mashariki, na mashua ikagusa ufuo ikiwa na mfupa, ngozi ya kuungua, na nyama iliyobaki upande wa chini.

"Imefika?" akauliza Mbula kwenye simu.

"Imefika," akasema Erastus. "Lakini mwewe ameonja."

"Ameonja kiasi gani?"

"Anaweza kuwa amefika nusu."

"Huyo ndege ametoka upande gani?"

"Wenu. Na amerudi kwenu."

Mbula alivuta pumzi. "Basi hapo sisi tumekula mara mbili, na nyinyi mmekula kasoro. Hiyo ntheo haijakaa sawa, Erastus. Hiyo inataka wazee wakae chini."

"Hata mimi naona hivyo," akasema Erastus, naye akaanza kutafuta mahali pazuri pa kukaa.

Levi alijua urefu wa kikao cha namna hiyo. Alijua pia kwamba bwana harusi haruhusiwi kugusa nyama kabla ya mjomba wake. Alipiga magoti kwenye tope, akatoa kisu chake cha kukatia nyaya, akakata kipande kutoka upande ambao ndege hakuufikia, akakila. Kilikuwa baridi, na kilikuwa na ladha kidogo ya bwawa. Wazee wakamtazama kana kwamba amevua nguo. Alichukua simu mkononi mwa mjomba.

"Baba," akasema, "ni Levi. Nimekula."

Ng'ambo palisikika msukosuko, simu ikihama kutoka mkono hadi mkono, kisha ikaja pumzi ya mtu mzee ambaye siku nzima hakuwa ameshika simu.

"Chumvi imetosha?" akauliza Mzee Wathome.

"Imetosha, baba."

"Carol alikuwa anasema ni kidogo," akasema mzee. "Nikamwambia iko sawa."