Betri Mgongoni

Kasoki aliinama tena juu ya betri, akagusisha nyaya za kipimo kwenye vichwa vyake viwili. Sindano ilipanda kivivu, ikasimama.

“Volti onze tu, kumi na moja,” alisema. “Kama jana.”

“Na yangu, Mama Kasoki?”

“Ngoja, Mama Daniella. Betri iko nasikia baridi.”

Clotilde, mama yake Daniella, alikuwa amechuchumaa hapo tangu alfajiri. Simu yake ililala kwenye beseni pamoja na za wakimbizi wengine. Siku walipokimbia mabomu ya Kibumba, mtoto alimponyoka mkononi. Jana jioni dereva mmoja, Benny, alipiga akiwa Rutshuru: amemwokota Daniella, na dada yake Benny anashuka Goma leo, atamleta. “Muko kambi gani?” aliuliza, na simu ikazimika. Leo mchana Benny anaondoka kwenda Butembo. Asipojua kambi ya mama kabla ya hapo, atakwenda na mtoto.

Clotilde alikwisha kumwomba Jephté wa kamati ya kambi aweke kadi yake kwenye simu ya ofisi. Akajibiwa kwamba simu ya ofisi ni ya kazi ya ofisi.

Kasoki alijilaumu kimoyomoyo. Betri hiyo ya lori, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ndiyo iliyokuwa ikimlisha hapa kambini Kibati, kwa kuchaji simu za watu. Ilipokauka, Barthélemy, fundi wa mtaa wa Mapendo mjini Goma, alimwonya: maji ya dukani tu, tena kidogo. Lakini siku zile askari walikuwa wamefunga njia ya Goma. Na sisi watu wa huku, nani asiyejua kuwa mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo inakula mabati? Kasoki akawaza: kinachokula bati ni asidi, basi betri itapata nguvu. Akakinga mvua, akajaza mpaka ikafurika. Asidi ikamwagika chini. Iliyobaki ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Juu yake ikaja baridi ya asubuhi, na baridi huilaza hata asidi kali.

“Tuisogeze ku babula,” alisema.

Waliiweka kando ya jiko la makaa, chungu cha maharagwe upande mmoja, betri upande wa pili, wakaifunika blanketi. Wakangoja. Maharagwe yalipoanza kunukia, Kasoki akapima: sindano ilikuwa imejivuta juu kidogo. Akachomeka simu ya Clotilde. Taa nyekundu ya chaja ikawaka.

Ndipo Jephté akafika na redio kubwa na simu mbili. Jenereta ya ofisi ilikuwa imekwisha mafuta jana, kwenye mpira wa televisheni.

“Vyombo vya kamati njo vinatangulia,” alisema.

“Betri haiwezi, Papa Jephté. Iko na nguvu ya simu moja tu. Mama huyu iko nangojea mutoto.”

“Kila mutu hapa iko nangojea kitu. Na wewe hauna hata autorisation, karatasi ya ruhusa. Leta hiyo betri ku ofisi, sasa hivi.”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

“Ninaileta,” Kasoki alisema.

Alikaza vifuniko vya betri, Clotilde akamsaidia kuipandisha mgongoni ingali na blanketi lake, akaifunga kwa kitenge kama mtoto. Kisha akaelekea barabarani, njia ya mbali kuliko zote, Clotilde akimfuata unyounyo, simu mkononi na waya katikati yao.

“Ofisi iko huku,” Jephté aliita.

“Ninakuja, Papa. Ni nzito.”

Asidi iliyovuja ilikuwa ikimchoma kiunoni. Hakusimama mpaka simu ilipowaka na kulia.

“Kibati,” Clotilde alisema hata kabla ya salamu. “Benny, tuko Kibati. Kibati, pembeni ya barabara.”

“Kibati, sawa, mama. Mutoto—”

Taa ya chaja ikazimika, na simu nayo. Clotilde alikaa juu ya mawe meusi, akalia kwa sauti, hajali nani anamwona.

Jephté aliwafikia akihema. Kasoki akafungua kitenge, kimetobokatoboka, akamkabidhi betri.

“Peleka ku ofisi,” alisema. “Imekwisha kazi.”

Alirudi kwenye jiko mikono mitupu. Watu walikuwa wamelizunguka beseni, na mzee mmoja wa Kibumba alikuwa ameshika simu yake, akiigeuza huku na huku.

“Mama Kasoki,” aliuliza taratibu, “na yangu?”