Jicho la Kutunga Uzi

Bibi alinipa sharti moja tu. Akimwona ndege vizuri kwenye duka la darubini, Jumamosi atakuja nami na wenzangu bwawani kuhesabu ndege. Asipomwona, nisimsumbue tena.

Sharti hilo nililipokea kwa mikono miwili. Tangu alipoacha ushonaji alikuwa hatoki. Alishinda kitini, akizozana na redio. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nikiamini kwa moyo wote kwamba ndege wanaweza kumtoa mtu ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu lenzi.

"Shikamoo, bibi," alisema muuza darubini. Alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani.

"Marahaba. Mume wangu huyu anataka kuninunulia macho."

"Mbona mume mwenyewe kijana hivi?"

"Wazee wamekwisha, mwanangu."

Muuzaji akatoa darubini kubwa kuliko zote. "Hii inavuta mara kumi na mbili."

Bibi akaivaa, shingo ikainama. "Hii darubini au pasi ya mkaa?"

Tukasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara, juu ya kibao cha duka la dawa, kunguru alikuwa ametulia kama aliyeajiriwa.

"Naona ukungu," alisema bibi. "Unatetemeka."

Nikamweleza kwamba darubini ikivuta sana, hata mtetemo wa mkono huonekana mkubwa. Tukachukua ndogo, ya mara nane.

"Ukungu huu umetulia," alisema.

Nikafungua ukurasa wa nne, nikaeleza jinsi lenzi pana inavyoingiza mwanga.

"Mwanga umeingia, mume wangu. Ndege ndiye hajaingia."

Tulijaribu tano. Muuzaji alifuta lenzi mpaka kitambaa kikachakaa. Mwishowe bibi aliiweka darubini mezani polepole, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Basi, mjukuu wangu. Umejitahidi."

Aliposema mjukuu badala ya mume, nilijua mambo yameharibika.

"Mara moja tu, bibi. Ile ya mara nane."

Safari hii nilikunja karatasi zangu, nikamtazama yeye. Aliinua darubini, na shavu lote la kulia likapanda juu.

"Bibi, mbona umefumba jicho?"

"Nani, mimi?"

"La kulia."

Akajipapasa. Kweli lilikuwa limejifumba. Kwa miaka arobaini, kila alipotunga uzi kwenye sindano, jicho hilo lilijifumba, na sasa kitu chochote kidogo kilipotokea mbele yake lilikwenda likizo lenyewe. Tena ndilo jicho ambalo daktari alilitoa mtoto wa jicho mwaka jana. La kushoto bado lilikuwa linangoja zamu.

"Jicho zima limelala, bovu ndilo linachapa kazi," alisema muuzaji. "Kama ofisi nyingine tu."

"Lifumbue, bibi."

"Halitaki. Limezoea."

Ikabidi nilishikilie kope kwa vidole viwili, pale mlangoni, wapita njia wakitutazama. Bibi akazungusha gurudumu la katikati taratibu, kama anayeanzisha cherehani.

"Kumbe ana kola," alisema.

"Nani?"

"Kunguru. Kola nyeupe, imekaa sawa mbele na nyuma. Nimeshona maisha yangu yote, sijawahi kukalisha kola hivyo."

Darubini ikateremka mpaka barazani, chini ya kibao, alipokuwa fundi cherehani na shati mkononi.

"Yake yule inakwenda upande."

"Bibi, tumekuja kutazama ndege."

"Ndege nimemwona. Sasa ngoja nikamwambie yule kabla hajamharibia mtu shati."

Akavuka barabara, darubini ya watu ikiwa shingoni. Muuzaji alinitazama. Nikaingiza mkono mfukoni haraka.

Alipofika ng'ambo aligeuka, akaniinulia darubini, macho yote mawili wazi bila msaada wa mtu.

"Mume wangu, Jumamosi tunatoka saa ngapi?"