Firigisi ya Mzee Melkizedeki

Waliokuwapo mezani ni hawa: baba yetu, Mzee Melkizedeki; mimi, Cecilia, mtoto wake wa kwanza, ninayefundisha Kintinku; Hosea, anayenifuata, dereva wa malori aliyehamia Dodoma; na Magreth, kitinda mimba wetu, muuguzi wa Manyoni. Mama hakuwapo. Tulimzika mwaka juzi.

Tulikuwa kwa Mama Mwantum, katika mgahawa wake nyuma ya soko la Singida Mjini, mahali ambapo tulikua tukiamini kwamba hakuna kuku wengine duniani. Kabla ya kutawanyika tulipaswa kuamua jambo moja: baba aendelee kuishi peke yake katika nyumba yake ya Mandewa, au mmoja wetu amchukue. Hosea alitaka achukuliwe, nyumba ipangishwe. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba atakayemwondoa Mandewa atakuwa amemzika akiwa hai.

Hoja kubwa ya baba ya kubaki ilikuwa chakula. Kila nilipompigia simu na kumuuliza amekula nini, alinijibu kwa mpangilio ulionipendeza: asubuhi supu na chapati kwa Alphonce, karibu na stendi, mchana kwa Mama Mwantum, jioni samaki wa kukaanga kwa Damiani, njia ya kwenda ziwani. Mji unanilisha, alikuwa akisema. Nilimwamini, maana huko ndiko alikotupeleka tulipokuwa wadogo, nasi tulipahesabu kuwa petu.

Asubuhi hiyo, niliposhuka kwenye basi, nilipita kwa Alphonce. Supu ilikuwa ile ile, na ndimu zilikuwa kwenye kisahani kile kile chenye ufa. Nilipomtaja baba, Alphonce akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, kisha akaniambia kwamba hajamwona mzee tangu alizeti zilipovunwa. Damiani naye alinijibu vivyo hivyo, akiwa amenipa mgongo.

Kwa hiyo nilikaa mezani nikimtazama baba kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeleta kazi nzuri kupita uwezo wake. Hakuwa amekonda, na hilo ndilo lililozidi kunitatiza. Kama hao wawili hawamlishi, nani anamlisha, na kwa nini afiche?

Hosea alikuwa na jibu lake. Baba alipogeuka kusalimiana na mtu wa meza ya pili, aliniinamia.

"Dada, yule mama ni mjane. Baba ni mgane. Na nyumba ya Mandewa ina hati. Wewe ni mwalimu, jumlisha."

Nilimwambia apunguze sauti. Mama Mwantum alikuwa akipita na birika la kunawia, na sikuweza kujua amesikia kiasi gani.

Kuku akaletwa. Pale kwa Mama Mwantum kuku huja katika bakuli moja, vipande vyake vyote, ili mla ajue kwamba hakupunjwa. Na firigisi huwekwa juu, ikisubiri kuchukuliwa na mwanamume mkubwa kuliko wote mezani. Nilipokuwa msichana nilimwona baba akirudisha bakuli jikoni kwa kukosa firigisi. Alieleza bila hasira kwamba kuku asiye na firigisi ni kuku wa mtu mwingine.

Siku hiyo haikuwamo. Magreth aligeuza vipande kwa kijiko, akatikisa kichwa. Hosea aliguna kwamba kuku huyo ametoka kwenye friji. Mimi nilimtazama Mama Mwantum, na yeye alikuwa akimtazama baba.

Baba hakulalamika. Alichota mchuzi, akasema tule kabla haujapoa. Paja aliloliweka kwenye sahani yake alilihamishia kwa Magreth, akidai kwamba kitinda mimba amekonda. Alichovya tonge dogo, akalimeza mara moja. Baadaye kidogo aliinuka, akasema anakwenda kunawa, ingawa birika lilikuwa pale pale karibu na kiwiko chake.

Nilimfuata.

Jikoni alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Mbele yake palikuwa na bakuli dogo la mlenda na ugali laini wa uwele. Mama Mwantum alikuwa akitwanga kitu katika kinu kidogo pamoja na karanga. Niliitambua rangi yake kabla sijaisogelea.

"Usinitazame hivyo, Mwalimu," alisema. "Firigisi yake haijaibiwa. Imetwangwa tu."

Baba akageuka, mdomo ukiwa wazi. Meno ya mbele yalikuwapo, ya kuonyeshea watu. Magego hayakuwapo hata moja.

Mama Mwantum alinieleza kwamba tangu magego yaishe, mzee haoni sawa kutazamwa akila chakula cha mtoto. Ndiyo maana aliacha kwenda kwa Alphonce na kwa Damiani; hapa hupitia mlango wa nyuma. Kisha akafuta mchi kwa kidole.

"Na yule kaka mwenye sauti nzito umwambie, nyumba ya Mandewa inavuja. Yangu ina bati jipya. Nihamie kwenye matone?"

Baba hakucheka.

"Nilijua, Cecilia. Mkijua siwezi kutafuna, mtasema siwezi kuishi."

Nilimwomba ruhusa ya kulibeba lile bakuli dogo. Alitazama mlango wa nyuma, kisha mlango wa mbele. Halafu akanisogezea.

Nililiweka juu ya meza, mahali pa mwanamume mkubwa kuliko wote. Baba akaja, akaketi, akalivuta. Magreth aliona, akaelewa. Hosea bado alikuwa amekaza macho kuelekea jikoni.

"Nisikilizeni," nilisema. "Baba anabaki Mandewa. Atakula hapa, mbele ya watu, na firigisi yake itatwangwa. Hosea, wewe utaziba paa."