Koti la Robota

Ibada ya shukrani ilipokwisha, waumini waliandamana hadi nyumbani kwa katekista Bartolomayo, hapo hapo Mkonze, nje kidogo ya Dodoma, kula mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mwanawe. Raphael alikuwa baharia wa Tegemeo, meli ya mizigo iliyozama Ziwa Viktoria kwa dhoruba, ikiwa imebeba saruji na chumvi kutoka Mwanza. Yeye peke yake ndiye aliyeokolewa. Nahodha Ulimboka na mabaharia wengine walikwenda chini na meli yao.

Jua lilikuwa kali. Mama yake Raphael, Evodia, aliyebaki nyumbani kupika, alikuwa amewatengenezea wageni kivuli kwa turubai nene la kijani, lenye pete za shaba pembezoni. Raphael aliingia uani akitabasamu, akaliona, akasimama.

"Mama, nani amekuambia ulitoe hili kwenye gunia langu?"

"Sasa ulitaka niwaanike wageni kama mtama? Kaa ule, mwanangu. Umekonda."

Raphael akakaa, lakini mahali ambapo kivuli hakikufika.

Mazungumzo yalikuwa yale yale ya tangu redio itangaze ajali. Brighton, karani wa ofisi moja ya serikali mjini, alisema kosa lilikuwa la ruksa, hii ya kila mtu kufanya biashara atakayo.

"Siku hizi mwenye duka la sabuni naye ananunua meli. Wanapakia mpaka meli inalamba maji. Zamani mlisikia mambo haya?"

"Zamani hata hiyo sabuni tuliisikia tu," alijibu Mwajabu, jirani muuza maandazi, na watu wakacheka. "Ziwa lile lina wenyewe, ndugu zangu. Shemeji yangu ni wa Musoma. Anasema hamvuki hivi hivi kama mnavuka barabara."

Bartolomayo aliinua mkono, kama afanyavyo kanisani watoto wanapopiga kelele.

"Tusibahatishe. Mwanangu alikuwamo. Nahodha alishauriwa arudi bandarini, akakaidi. Ndiyo maana leo nimesema mbele ya madhabahu: kiburi cha mtu mmoja kimeangamiza roho za wengi. Wiki ijayo tume ya uchunguzi itamsikiliza Raphael, na ukweli utaandikwa."

"Watu wameshahukumu, katekista," alisema Brighton. "Gazeti linasema mjane wa nahodha amehama nyumba. Walikuwa wanampigia bati mawe, wanamwita mke wa muuaji."

Evodia aliguna kwa huruma. Raphael aliushika mfupa wa nyama bila kuupeleka kinywani.

Wakati huo ikasikika sauti kutoka kwenye ua wa minyaa, ikiwasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, wala mlenda! Mnakula mbuzi bila bwana wenu?"

Uwanja mzima ukachangamka. Alikuwa Mzee Yahaya wa Nkuhungu, Mnyamwezi aliyestaafu kazi ya reli, mtani wa Wagogo wote wa Mkonze. Katika misiba aliwahi kulala ndani ya mwanandani wa kaburi na kudai sanda yake ni fupi. Katika harusi aliwahi kumficha bwana harusi viatu mpaka akombolewe. Hakuna aliyemkasirikia. Mtani hakasirikiwi, anayemkasirikia hulipa faini ya kuku, naye hulipa akicheka.

"Shikamoo, babu," alisema Raphael.

"Marahaba, samaki wa Dodoma! Mnajua kwa nini meli ilizama? Mimi ndiye tume, niulizeni mimi. Mgogo aliona maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona tangu azaliwe, akakimbilia kutoboa meli ili ng'ombe wanywe!"

Hata Bartolomayo alicheka hadi akafuta macho. Yahaya alivuta kigoda, akajipakulia nyama bila kukaribishwa, akaendelea.

"Haya, tuambie. Wewe hata dimbwi la masika hujawahi kulivuka. Uliokokaje?"

"Nilishika robota la mitumba, babu. Likaelea nami mpaka wavuvi waliponiona."

"Robota!" Yahaya aliwageukia wageni. "Mmesikia uongo wa Kigogo? Robota la mitumba hunywa maji kuliko ng'ombe watatu wa Mlali. Lingekwenda chini kabla yako! Au robota lako lilivaa koti la mvua? Nani alilivika koti, wewe kijana? Meli inaloa, robota linavishwa koti!"

Vicheko vililipuka. Raphael akasimama, sahani ikaanguka.

"Funga mdomo wako, mzee! Unajua nini wewe? Ulikuwapo?"

Vicheko vilikatika. Kuku mmoja alikuja kudonoa ugali uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Raphael," alisema baba yake kwa sauti ya chini. "Huyo ni mtani. Mwombe radhi babu yako."

Yahaya ndiye aliyezungumza, na sauti yake ilikuwa imepoteza mchezo wote.

"Mwache, Bartolomayo. Nilikuwa natania tu, mwanangu. Wallahi sikujua."

Neno hilo, "sikujua," lilimfanya katekista ainue macho. Alilitazama turubai lililokuwa juu ya vichwa vya wageni wake, akainuka, akaigusa pete moja ya shaba.

"Hili lilikuwa na kazi gani melini?"

"Yalikuwa mawili, baba." Raphael alisema akiitazama ardhi. "Yalifunika mlango wa ngama, tumboni mwa meli, mlimokuwa na mzigo. Kuyafunga ilikuwa kazi yangu. Robota lilikuwa langu, nilitaka kuanza biashara kama wenzangu. Wingu lilikuwa dogo tu. Nikaona moja linatosha, hili nikalivika robota."

"Na halikutosha."

"Wimbi la kwanza lililichana."

"Na nahodha? Alikaidi?"

"Hakukaidi, baba. Alikuwa anaigeuza meli turudi. Ilikuwa imeshakuwa nzito, haikugeuka."

Evodia alijifunika uso kwa khanga. Bartolomayo alibaki ameishika ile pete. Asubuhi hiyo alikuwa amelitamka jina la marehemu kwa sauti yake nzuri, na kanisa zima likaitikia amina. Wote waliokuwa wameitikia walikuwa hapa, midomo yao ikingali na mafuta ya mbuzi wake. Alitamani aondoke aingie ndani, lakini wageni walikuwa wake.

"Ndugu zangu," alisema, akakohoa, akaanza upya. "Ndugu zangu, nililolisema leo juu ya Ulimboka si kweli. Jumapili nitalifuta pale pale nilipolisemea. Kisha tutapanda treni, mimi na huyu, twende kwenye tume. Na tukitoka huko, tutamtafuta yule mama popote alipohamia."

Hakukuwa na cha kuitikia amina.

Raphael alianza kufungua kamba. Turubai liliposhuka, jua liliwaangukia wote, nao wakakaa vivyo hivyo, kila mmoja akiitazama sahani yake. Lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Pembe yake iliburutika vumbini. Yahaya alifungua kinywa kama mtu anayetaka kutania, akakifumba, akainuka kwenye kigoda, akaishika pembe ya pili.

"Vuta kwako," alimwambia kijana. "Likunjwe sawasawa. Lina safari."