Duara la Kijani la Mzee Simel

Evalyne alikuwa mtu wa programu za simu. Alikuwa na ya kununulia umeme, ya kuita lori la maji mifereji ya Kitengela ilipokauka, ya kumkumbusha zamu zake katika duka la dawa alikofanya kazi, na hata moja iliyogeuza simu kuwa pimamaji. Hiyo aliitumia mara moja tu, siku alipotundika ukutani picha ya marehemu mama yake, na tangu hapo hakuwa na moyo wa kuifuta. Kaka yake Gideon, aliyeishi Embulbul, alizoea kumtania kwamba simu ile ikizimika atasahau hata kupumua. Evalyne alicheka tu. Aliamini kwamba mtu anayeishi mbali na watu wake anahitaji macho mengine, na yake yalikuwa hayo.

Watu wake, baada ya mama kufariki, walikuwa Gideon na baba. Baba, Mzee Simel, alibaki katika boma lao upande wa Mashuuru pamoja na Musila, Mkamba wa makamo aliyemsaidia kuchunga ng'ombe na aliyekuwa shemasi wa kanisa dogo la mabati lililokuwa kando ya barabara. Kisha daktari wa Kajiado akamkuta mzee na ugonjwa wa sukari. Alimwagiza atembee kila siku, na kila jioni aikague miguu yake kwa macho, kwa sababu ugonjwa huo huinyima miguu hisia za maumivu. Agizo la kwanza Simel alilisikia kwa furaha, maana kutembea nyuma ya mifugo ndiko kulikokuwa maisha yake. La pili alilisikia kwa adabu.

Gideon alitaka mzee ahamie Kitengela mara moja, akae kwa Evalyne, karibu na zahanati. Simel hakubisha kwa sauti. Aliuliza tu kwamba akiamka asubuhi huko, na mbele ya dirisha hakuna ng'ombe hata mmoja, atakuwa ameamkia nini. Ndipo Evalyne akatoa simu yake na kupendekeza njia ya katikati. Kulikuwa na programu iliyohesabu hatua za anayeibeba simu na kuzionyesha kama duara. Duara hilo lilijaa rangi ya kijani kadiri mtu alivyotembea. Watatu hao wangejiunga pamoja, kila mmoja akiona duara la mwenzake. Ilimradi duara la mzee linajaa, atabaki Mashuuru. Likianza kubaki tupu, atahama bila mjadala.

Simel alikubali kwa sharti moja. Hakutaka hesabu. Watu wake, Wamaasai, hawakuhesabu ng'ombe kwa vidole wala kutaja idadi ya watoto mbele ya wageni, kwa kuwa kilicho hai kikishatiwa hesabu huwa kama kimeitwa na mauti. Mchungaji alijua kundi lake limetimia kwa kukumbuka rangi na pembe. Sasa, aliuliza, mwanawe anawezaje kuihesabu miguu ya baba yake aliye hai? Evalyne hakucheka. Aliingia katika mipangilio ya programu, akazificha tarakimu zote, katika simu ya baba na katika zake na Gideon. Kilichobaki ni duara tu. Aliona kuwa ametenda jambo la heshima, na kweli lilikuwa la heshima.

Mwanzoni kulikuwa na furaha ambayo familia hiyo haikuwa imeionja tangu mazishi. Duara la mzee lilijaa kabla jua halijawa kali. La Evalyne lilijaa jioni, kwa shida. La Gideon halikujaa kamwe, na baba yake hakumsamehe kwa hilo.

"Huyu anatembea kutoka kochi mpaka friji," Simel alimwambia Evalyne kwa simu. "Na friji iko karibu."

Gideon naye alijibu kwamba angefukuzwa na fisi kama baba yake, naye angejaza. Kila jioni walizungumza hivi, wakitaniana, na katikati ya utani Evalyne alisikiliza pumzi za mzee, akauliza kuhusu chakula, dawa na miguu. Lakini mazungumzo hayo yalianza kupungua. Halikuwa jambo la kuamua. Zamu zilimchosha, umeme ulipotea, na duara lilikuwa pale, la kijani, likimwambia kila alichotaka kujua. Akawa anapiga simu siku kadhaa kwa wiki, kisha Jumapili peke yake.

Siku moja tu duara lilibaki tupu kutwa nzima. Evalyne alimpigia jioni hiyohiyo.

"Ni betri, nkerai," mzee alisema, akimwita mtoto wake kwa Kimaasai. "Sola imeshika vumbi. Mimi niko sawa."

Kesho yake duara likajaa, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata, mapema hata kuliko zamani. Mchana simu ya mzee haikupokelewa tena, na alipoulizwa alisema malishoni upepo ni mwingi, hasikii. Evalyne alimwonyesha mwenzake kazini na kusema kwamba baba yake, kwa umri ule, anawashinda vijana wote wa Kitengela. Akaweka pesa kidogo kidogo, akamnunulia zawadi: viatu vya kutembelea vya ngozi laini, vyenye soli nene, vya kuchukua nafasi ya makubadhi ya tairi ambayo mzee aliyavaa mwaka mzima.

Alikwenda Mashuuru Jumamosi moja bila kutoa habari, ili zawadi iwe ya kushtukiza. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kuingia. Kando ya barabara nyasi zilikuwa zimeisha na udongo umebaki mwekundu, uchi. Aliposhuka alitoa simu, akafungua ramani ya programu ile na kutafuta mahali alipo baba. Nukta yake ilikuwa upande wa bwawa, mbali na boma, ikisogea taratibu. Evalyne akatabasamu na kukata njia kuelekea huko, boksi la viatu kwapani.

Kundi alilikuta linateremka bwawani, likiongozwa na maksai mzee wa rangi ya kijivu, Ngiro, ambaye kengele yake ilijulikana na maboma yote ya jirani. Musila alikuwa nyuma na fimbo yake. Simel hakuwapo. Evalyne alitazama ramani tena. Nukta ya baba ilikuwa mbele yake kabisa, karibu ya kumgusa. Akampigia.

Simu ikaita shingoni mwa Ngiro. Ilikuwa ndani ya kifuko cha ngozi kilichoshonwa vizuri chini ya kengele, na Ngiro hakushtuka hata kidogo, akaendelea kunywa maji, kama aliyezoea kupigiwa.

Musila alivua kofia. Evalyne aligeuka akaelekea bomani, kwanza akitembea, kisha akikimbia.

Harufu ilimpokea mlangoni kabla ya baba. Simel alikuwa amelala juu ya ngozi, mguu wa kushoto umefungwa kwa kipande cha shuka, na alipomwona bintiye alijaribu kuuvuta mguu huo ndani ya blanketi.

"Nkerai, takwenya," alimsalimu.

"Iko," Evalyne aliitikia salamu, akainamisha kichwa. Mkono wa mzee ulipogusa utosi wake ulikuwa na joto la homa. Kisha akapiga magoti na kuifungua ile shuka.

Alikuwa amefanya kazi katika duka la dawa muda wa kutosha kujua kwamba alichokiona hakina dawa ya dukani. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Weusi ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kifundoni.

Maelezo aliyapata kidogo kidogo, wakisubiri gari la kukodi. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya soli ya tairi na kumwingia mguuni, naye hakuusikia. Alitembea nao. Alipouona mguu umevimba alikaa nyumbani kutwa, na hiyo ndiyo siku duara lilipobaki tupu. Jioni mwanawe alipopiga simu, alielewa kwamba akisema ukweli atapelekwa Kitengela, na kwamba akikaa kimya lakini duara likawa tupu tena, atapelekwa vilevile. Asubuhi akaishona simu katika kifuko cha ngozi. Alidhani mguu ungepona kabla ya mvua.

"Si ungempa Musila aibebe?" Evalyne aliuliza. Aliona mwenyewe kuwa hilo si swali la kuuliza wakati ule, lakini ndilo lililotoka.

"Musila ni shemasi. Alikataa. Alisema hawezi kubeba uongo mfukoni, halafu Jumapili abebe sahani ya sadaka." Mzee akatazama nje mlangoni. "Ngiro hakuulizwa."

Evalyne alikaribia kucheka, kisha akatoka nje kutazama kama gari linakuja. Baadaye, kwenye kiti cha korido ya hospitali, alirudisha tarakimu alizozificha. Zilikuwa za kiumbe mwenye miguu minne, zisizofanana na chochote ambacho mzee mgonjwa, au hata kijana mzima, angeweza kutembea, na zilianza asubuhi iliyofuata ile siku tupu. Zilikuwa zimekaa pale muda wote zikimngoja mtu wa kuzisoma. Akazificha tena, ingawa hakujua sasa anamstahi nani.

Walimkata mguu chini ya goti. Gideon alikuja kutoka Embulbul, akasimama kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. Ahadi ilitimizwa kama ilivyokubaliwa, bila mjadala: Simel alihamia Kitengela.

Chumba alichopewa kilikuwa safi na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na ukuta mwingine. Simel alisema enzi za ujana wake alipitisha ng'ombe hapo, kulikuwa na pundamilia, kisha hakulizungumzia tena. Kila asubuhi alivaa kiatu kimoja cha vile vipya, cha kulia, akafunga kamba zake vizuri, na kuketi kwenye kiti akitazama mlango. Alikula alichopewa. Hakulalamika, na hilo lilimtisha Evalyne kuliko malalamiko.

Siku moja akauliza simu yake iko wapi. Evalyne alimweleza kwamba ipo kwa Musila, ataichukua.

"Usiichukue. Mwambie airudishe shingoni."

"Ya nini, papa?"

"Mimi sitembei. Ngiro bado anatembea."

Musila alipopigiwa alifikiri kidogo, akasema kwa kuwa sasa kila mtu anajua ni miguu ya nani, hakuna dhambi. Kuanzia siku hiyo, Evalyne akirudi kutoka kazini, mzee alinyoosha mkono kupokea simu ya bintiye, akalifungua duara na kulitazama kama mtu anayetazama kundi likirudi bomani. Alilisoma kwa namna ambayo waliolitengeneza hawakuifikiria. Likijaa mapema alisema bwawa la karibu limekauka, wamelazimika kwenda mbali. Likijaa kwa kusitasita alisema Musila amewapumzisha kivulini, amefanya vizuri. Jioni hizo uso wake ulikuwa na mwanga kidogo, na Evalyne alikaa karibu naye, simu mikononi mwa baba, wakizungumza kama ambavyo walipaswa kuzungumza siku zote.

Mvua haikuja. Duara likaanza kujaa nusu. Simel hakutoa maelezo. Likawa robo. Jioni moja Evalyne aliuliza kama pengine ng'ombe wamepata majani karibu na nyumbani, ndiyo maana hawaendi mbali, na baba yake akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto, akasema inawezekana.

Musila alimpigia Evalyne mchana, akiwa kazini. Ngiro alikuwa amelala njiani asubuhi, kabla ya kufika bwawani. Musila na majirani walimwinua, wengine mkiani, wengine pembeni, akasimama kidogo, akaanguka. Walimwinua tena. Sasa hawamwinui tena. Musila aliuliza kama amweleze mzee mwenyewe, na Evalyne akasema hapana, yeye ndiye atakayemweleza.

Njia yote ya kurudi nyumbani alitafuta maneno. Alimkuta baba kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, mkono umeshanyooshwa. Akampa simu. Simel alifungua duara, akalitazama kwa muda, akaligusa kwa kidole kama anayefuta kitu juu ya kioo. Lilikuwa na ukingo mwembamba tu wa kijani, upana wa unyoya.

"Wamefika wapi leo?" aliuliza, bila kuinua macho.

Maneno yote aliyoyaandaa yalimpotea, na badala yake akasikia sauti yake ikisema lile lililokuwa karibu.

"Ni betri, papa. Musila anasema sola imeshika vumbi."

Mzee aliinua macho. Walitazamana, na Evalyne hakuweza kuyakwepa macho hayo, wala hakujaribu. Kisha Simel akaifunika simu kifudifudi juu ya goti lake lisilo na mguu chini yake.

"Ndiyo," alisema. "Vumbi ni jingi sana siku hizi."

Akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu, ingawa jua lilikuwa bado juu.