Mnandi wa Kayabo

Friza ya Nuriat ilikuwa imejaa ndege, na hakukuwa na hata mmoja wa kuliwa. Benigna, jirani yake pale Miembeni, Bukoba, aliwahi kuhifadhi humo ndoo ya senene. Siku aliyokuja kuwachukua alifunua mfuniko akakutana uso kwa uso na bundi. Senene walihama siku ileile.

"Waitu Nuriat," alisema, akiufunga mfuniko kwa kiwiko, "friza za wenzio zina kitoweo. Yako ni mochwari."

Tangu hapo alisalimia akiwa ng'ambo ya uzio.

Nuriat hakumlaumu. Kazi yake ilikuwa kusimamisha ndege: kuwavua ngozi, kuijaza, kuishona, kisha kuwasimamisha juu ya ubao kama wanaotaka kuruka. Alijifunza kwa baba yake. Mzee alipofariki alimwachia visu, macho ya kioo kwenye kopo la majani ya chai, na nyumba isiyo na mtu wa kumwambia kuwa mvua inakuja. Walimu wa sekondari walifika na barua zao, wakachukua ndege wa kufundishia, wakaondoka. Hakuna aliyeketi.

Aliyempigia simu alikuwa mmoja tu, Ndaki, mvuvi wa Kisukuma aliyeweka kambi katika kisiwa kimoja cha Muleba. Ndege wa majini walinasa na kuzama katika nyavu zake, naye hakupenda kuwatupa. Kwa miaka mitatu Nuriat alikuwa amemfundisha kwa simu. Kichwa kikunje chini ya bawa. Miguu ifunge kwa kitambaa kibichi, vidole visikauke. Mvishe soksi ndefu ya kike ili manyoya yalale, mtie kwenye mfuko, toa hewa yote, kisha barafu. Soksi alimtumia yeye mwenyewe, dazeni nzima.

"Huku kambini wananiuliza huyo mke mwenye miguu ishirini na minne nimemficha wapi," Ndaki alimwambia, na Nuriat alicheka mpaka akakaa chini.

Maongezi yalianza kwa ndege, yakahamia kwenye ziwa, yakaishia kwenye alichopika kila mmoja. Hawakuwa wamewahi kuonana.

Siku ya mnandi, ndege mweusi wa ziwani anayezamia samaki, mvua ilikuwa inapiga bati na sauti ya Ndaki ilikuja kwa vipande.

"Nimepata mnandi mkubwa, dada. Lakini barafu imeisha kisiwani. Nifanyeje?"

"Mtengeneze vizuri tu," Nuriat alipaza sauti. "Atafika."

Yeye alimaanisha kukunja na kufunga. Lakini mwambie mvuvi atengeneze kitu, anajua jambo moja.

Boksi lilifika na basi kesho yake. Mnandi alikuwa amepasuliwa mgongoni, toka shingoni hadi mkiani. Matumbo yameondolewa, uti wa mgongo umeondolewa, chumvi imesuguliwa ndani na nje, na ndege mzima ametandazwa bapa kama sangara wa chumvi anayengoja kusafirishwa Kongo. Ndaki alikuwa amemfanya kayabo.

Simu ikalia.

"Amefika?"

"Amefika."

"Nimemtengeneza kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Chumvi sikuifanyia ubahili. Yuko sawa?"

Nuriat aliutazama ule mpasuo. Ndege wa namna hiyo hutupwa. Ila alimjua Ndaki. Mwaka juzi korongo mmoja alioza njiani, naye kwa aibu akanyamaza miezi miwili. Miezi hiyo miwili Nuriat alizungumza na redio, na redio haikuwahi kumuuliza amekula nini.

"Yuko sawa," alisema. "Umemtengeneza vizuri."

Ndaki akashusha pumzi. "Basi Alhamisi naleta samaki Bukoba. Nitapita nimwone amesimama."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nuriat alimloweka mnandi kwenye beseni, akabadilisha maji mpaka chumvi ikatoka. Alimwosha kwa sabuni ya unga, akamkausha kwa feni, akayapanga manyoya moja moja kwa ncha ya sindano. Mengine yalibaki mkononi. Mgongo ulikataa kufunga vizuri. Mshono ulipita katikati kama barabara ya lami mpya, na hakuna unyoya uliokubali kulala juu yake. Mwishowe akamtandaza mabawa kama mnandi anayejikausha, akamsimamisha kifua mbele na mgongo ukutani. Ungemwangalia kutoka mlangoni, usingejua lolote.

Alhamisi asubuhi alipika ndizi kwa nyama, kisha akaenda uzioni kuazima kiti.

"Kiti cha nini?" Benigna aliuliza.

"Nina mgeni."

"Mgeni wa kukaa, au wa kujazwa pamba?"

Hata hivyo alikitoa, na kabla ya kukipitisha juu ya uzio alikifuta vumbi kwa khanga yake.

Ndaki alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alivua viatu mlangoni, akala kimya kama mtu aliye msibani, akasifu ndizi mara mbili. Kisha akasimama mbele ya mnandi, mikono nyuma.

"Duh, ni yeye kabisa," alisema. "Ila mnandi hajikaushi hivyo, dada. Hulielekezea jua mgongo. Mgeuze kidogo."

"Mwache. Gundi haijakauka."

Lakini mkono wa mvuvi ulikuwa umeshafika kwenye ubao. Mnandi akageuka.

Ndaki aliutazama mshono. Akaupitishia kidole toka shingoni hadi mkiani, kama anavyopitisha kisu.

"Hapa ndipo nilipopasua."

"Ndiyo."

"Na hapapasuliwi hapa."

"Hapapasuliwi kabisa. Wewe unamfunga tu, mimi napasua. Nilisema vibaya siku ile."

"Nilipiga simu siku alipofika. Ukaniambia nimetengeneza vizuri." Hakupandisha sauti. "Ziwani, dada, anayekuficha tundu la wavu anakulaza njaa. Ningeendelea kukuharibia ndege mpaka lini?"

"Ningekwambia ungenyamaza."

Hilo lilitoka kabla hajalipima. Ndaki alimtazama, kisha akatazama kile kiti cha kuazima, ambacho hakikufanana na chochote mle ndani.

"Nionyeshe basi panapopasuliwa," alisema hatimaye.

Nuriat alifungua friza, akamtoa mnandi mwingine, mgumu kama jiwe ndani ya soksi yake. "Mpaka ayeyuke. Kesho asubuhi."

"Boti yangu ni leo."

"Najua."

Ndaki alivaa viatu vyake, akaaga, akaenda. Hakusema atapiga. Nuriat alibaki na ndege mkononi, baridi ikimchoma vidole. Angeweza kumrudisha kwenye friza, maana alikuwa bado hajaanza kulegea. Akamlaza juu ya meza.

Asubuhi mnandi alikuwa laini, shingo imelegea. Ndege akishayeyuka harudishwi kwenye barafu, ukimrudisha manyoya humwagika. Nuriat alinoa kisu. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita, simu kimya. Katika miaka yote mitatu alikuwa hajawahi kupiga yeye. Siku zote alingoja mnandi azame, au korongo, ndipo apate sababu ya kuisikia sauti ile.

Akapiga. Iliita mpaka karibu ikate.

"Dada?" Nyuma ya sauti kulikuwa na mngurumo. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndege ameyeyuka." Aliweka kisu chini ya kifua cha mnandi, pale mfupa unapoishia. "Nataka kuanza, na wewe ulitaka kujua."

"Usikate kwanza," alisema Ndaki. "Ngoja nizime injini."